Swali la Harusi Lililohamisha Bagira

Kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya, afadhali niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: yule mwanamke aliyesimama juu ya kiti katikati ya mji wa Bukavu, wakati wa vita, akisoma kwa sauti habari za harusi ya mdogo wake mbele ya watu waliobeba magodoro kichwani, alikuwa mimi. Msitafute mwingine. Wapo wanaosema alikuwa mwendawazimu wa sokoni, na kuna wakati niliacha waseme hivyo kwa sababu ilinifaa, lakini sasa nimezeeka kidogo na haya imepungua makali, basi kaeni niwaeleze.

Wakati ule nilikuwa katibu katika ofisi ya shirika moja dogo la mambo ya kilimo, upande wa Nyawera, na kazi yangu ilikuwa kupiga ripoti kwenye kompyuta. Bosi wangu, Monsieur Prosper, alikuwa mtu wa kusoma haraka (yaani hasomi), na kila ripoti aliirudisha na neno lile lile: "Mademoiselle Béa, weka gras kwa maneno ya maana, banaotuma feza habana wakati ya kusoma yote." Gras ni yale maandishi manene, meusi ti, ambayo jicho linayaona kabla halijaona mengine. Basi nikawa fundi wa gras. Nikapata hata kiburi. Mtu akiniletea tangazo la misa ya marehemu nilipige, namwekea gras. Kadi ya ubatizo, gras. Niliamini kwamba watu wanakosana duniani kwa sababu tu hawajui sentensi gani ya kunenepesha.

Nyumbani kwetu ilikuwa Bagira, mtaa wa pembeni ya mji, mimi, Papa, Mama, na mdogo wangu Solange, aliyekuwa anaolewa na Jérémie, mwalimu kijana wa Uvira. Mipango ilikuwa hivi: wakwe wapande kutoka Uvira siku ya Ijumaa, jioni ile ile watoe mahari, halafu Jumamosi misa kwenye parokia na karamu uani kwetu. Mambo yote yalikuwa yamekamilika, isipokuwa njia. Njia ya bonde la Ruzizi, ile inayopita Sange, ilikuwa wakati ule kama mgonjwa wa malaria, leo anatembea, kesho amelala. Wiki ile ya harusi sokoni walianza kusema imefungwa, wengine wakasema hapana, na simu za Uvira zilikuwa zimekufa kabisa, ukipiga unasikia tu upepo.

Jumanne asubuhi Papa akaniita. Papa alikuwa mzee wa maneno machache, aliyestaafu kazi ya posta, na kama wote kwetu, badala ya "ndiye" alisema "njo".

"Béa, weye njo unajua mashine. Uliza kule ndani kama bakwe batapita."

"Niulize nani, Papa?"

"Sijue. Si unasema kule ndani muko batu?"

Kweli walikuwemo watu. Kulikuwa na jukwaa moja kwenye intaneti ambapo wana wa Kivu waliotawanyika, wa Ulaya, wa Bujumbura, wa Nairobi, na wachache wa Uvira kwenyewe mashine zikiwa na moto, yaani umeme, walikuwa wanaulizana habari za nyumbani. Mtu anaandika swali, wengine wanajibu chini yake. Nikaenda baada ya kazi kwenye nyumba ya intaneti ya Maman Odette, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyepanga kompyuta zake kwenye chumba kilichokuwa zamani duka la vitambaa, nikakaa, nikaandika swali langu.

Niliandika vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyesoma. Nilisalimu kwanza. Nikaeleza kwamba tuna harusi, kwamba wakwe zetu wanatoka Uvira, kwamba watu wanasema njia ya Sange imefungwa, na je, kuna anayejua kama ni kweli. Ningekomea hapo leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Lakini mimi nikiandika sijui kuacha. Nikaendelea kueleza kwamba Jumamosi tutakuwa wengi sana Bagira, kwa maana Mama ana ukoo mkubwa, na watu wetu wa milimani wameshaanza kushuka, wengine wamelala kwetu tangu Jumapili na wanakula. Kwa chakula, pombe ya ndizi na viti vya kuazima, kila kitu kiko tayari. Lakini padri ni mkali, amesema hangojei mtu, kwa hiyo ikibidi tutaanza bila kungoja wale wa Uvira. Parokia yetu ina desturi yake: kengele ya kwanza ikilia, asibaki mtu nyumbani, wote twende kwa maandamano na nyimbo. Mwisho nikaongeza kwamba bibi harusi bado hajui habari hizi za njia, ana moyo mwepesi, basi kama mnafahamiana naye tafadhali msimwambie mtu.

Kesho yake, Jumatano, nikarudi mbio kutazama. Jibu lilikuwa moja tu, la mtu ambaye simjui, aliyejiita jina la ndege, na alikuwa ameandika hivi: "Mademoiselle, swali yako iko mrefu kama njia ya Kisangani, nimetembea mpaka nimechoka sijafika kwa swali. Weka gras kwa maneno ya maana, watu wasome."

Nikaona haya. Mimi, wa kufundishwa gras na ndege! Nikafungua swali langu upya (jukwaa lilikuruhusu kurekebisha), nikaanza kuchagua sentensi za maana, nazivuta kwa kipanya, nabonyeza, zinanenepa. Na hapa ndipo akili yangu ya ofisi ilipoharibika. Neno "harusi" sikulinenepesha, nikaona si lazima, kila mtu ataliona. "Watu wanasema" nikaiacha nyembamba, kwa sababu mambo ya watu wanasema si ya maana. Lile swali lenyewe, je, ni kweli au si kweli, nalo likabaki jembamba, sijui kwa nini, labda nilifikiri swali linajulikana kwa alama yake. Nikanenepesha mengine. Halafu, kwa sababu nilikuwa bado na dakika zangu nilizolipia, yale manene nikayatia na rangi nyekundu.

Nikaegemea kiti, nikatazama. Yalipendeza. Nikamwita hata Maman Odette aje aone.

"Inang'ara," akasema, hakusoma.

Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Alhamisi sikwenda kutazama majibu, nilikuwa nachambua mchele na mashangazi. Jioni, jua bado lipo, jirani yetu wa mbele, Papa Déo, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye sijawahi kumwona anakimbia hata mvua ikimkuta, akaingia uani kwetu anakimbia.

"Kaka yangu ananipigia simu kutoka Ulaya," akasema. "Anasema tutoke Bagira. Mbele ya posho tusikuwe hapa. Batu bako nashuka ku milima."

Posho ni Jumamosi. Mama akaweka ungo chini. "Batu gani?"

"Habakusema. Bamekamata message yao. Banasema kila kitu iko tayari."

Na ninyi mnaonisikiliza mmeshaelewa, najua, naona mnavyocheka. Lakini mimi sikuelewa kitu. Naapa. Neno lililotoka kichwani mwangu likazunguka Ulaya likarudi kwetu limevaa buti na bunduki, nami sikulitambua hata kidogo. Sisi tulikuwa tumeonja vita ya kwanza na tulikuwa ndani ya ya pili, na mtu aliyeonja hivyo hamuulizi jirani maswali ya sarufi. Nilisikia "wanashuka milimani" nikaanza kurudisha mchele ndani ya gunia.

Nikasema, tena kwa sauti ya mtu wa ofisi: "Twende. Kesho alfajiri twende kwa tantine, mdogo wa Mama, kule Cimpunda. Habari ikifika mpaka Ulaya haiwezi kuwa uongo."

Papa akakataa. "Miye sitoki. Vita ya kwanza nilikimbia, nikarudi nikakuta bameiba mpaka mulango. Mara hii nitakaa na mulango yangu."

"Papa, watakuua!"

"Basi batanikuta nimekaa."

Hatukumweza. Ijumaa alfajiri tukatoka bila yeye. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, na hili nataka mlijue, sikuwa katikati wala nyuma, nilikuwa mbele, nimefunga sufuria kubwa ya karamu mgongoni kwa kitenge kama mtoto, mkononi nimeshika gauni la Solange ndani ya mfuko wa nailoni, nagonga milango ya majirani nikipita: "Mutoke! Mutoke!" Nyuma yangu ndugu zetu wa milimani, waliokuwa wamekuja kula harusi, wanauliza tunakimbia nani, tunawajibu tunakimbia watu wanaoshuka milimani, nao wanakimbia pia. Solange hakulia. Alishika mkono wa Mama, aliyekuwa na goti bovu, na kila hatua kumi Mama anasimama, anasema "twendeni tu," halafu hatembei. Pale karibu na kiwanda cha bia niligeuka nikatazama nyuma, barabara yote imejaa, Bagira nzima inatembea, magodoro, mabata, cherehani, mzee mmoja amebebwa ndani ya toroli, na nikafikiri, kwa huzuni kabisa, ni nani huyu asiye na roho aliyetufanyia hivi.

Cimpunda tulifika uani kwa tantine pamejaa tayari. Mume wake, tonton Mugisho, alikuwa katekista, mwenye sauti ya kusoma barua za mitume. Watu wa Bagira waliokuwa wanafika walimzunguka, maana yeye ujumbe wenyewe alikuwa amesomewa kwenye simu na mtoto wake aliye Nairobi, akaushika kichwani kama alivyousikia. Akawasomea tena, mkono umeinuliwa:

"Njia ya Sange imefungwa."

Wamama wakasema, Yesu Maria.

"Jumamosi tutakuwa wengi sana Bagira. Watu wetu wa milimani wameshaanza kushuka. Kila kitu kiko tayari."

Mimi nilikuwa nafungua kitenge nishushe sufuria. Unajua inavyokuwa mtu akiita jina lako kwenye umati, hata kama anamwita mwingine?

"Tutaanza bila kungoja wale wa Uvira. Kengele ya kwanza ikilia, asibaki mtu nyumbani. Msimwambie mtu."

Sufuria ikaanguka. Ilikuwa ya aluminiamu, kubwa, ilipiga kelele mpaka nusu ya watu wakalala chini.

Nilikaa juu ya jiwe. Kwa muda mfupi, siwafichi, nilifikiri kunyamaza. Nilijiambia Jumamosi itapita, hakuna atakayekuja, watu watarudi kwao, watasema Mungu ametuepusha, watatoa hata misa ya shukrani, na mimi nitaimba. Mama mmoja pembeni alikuwa anasema angempata aliyeandika maneno yale angemchuna kama sungura. Mwingine akasema lazima ni mwanamume, mwanamke hawezi kuwa na roho ile. Nilikuwa nimekubaliana na huyu wa pili. Halafu nikamwona Mama amekaa kwenye ngazi, ameweka mguu juu ya furushi, goti limevimba, na macho yake anatazama upande wa Bagira ambako Papa amebaki na mlango wake. Nikasimama.

"Ni miye," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu. "Ni miye niliandika! Ni swali ya harusi! Hakuna vita!"

Watu wakageuka. Tantine akanijia polepole, akanishika mabega kwa huruma kubwa.

"Pole, mama. Woga imemupanda ku kichwa," akawaambia wengine. "Mumuletee maji ya sukari."

Wakaniletea. Nikaeleza habari ya gras, ya Monsieur Prosper, ya yule mwenye jina la ndege, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonionea huruma, mmoja akaanza kunipepea. Maji nikayanywa, nifanyeje. Ni Solange peke yake aliyenitazama bila kupepesa. Alinijua.

"Uliweka na rangi?" akaniuliza.

"Nyekundu."

Akageuka kwa tonton Mugisho. "Tonton, umupeleke mu ville, kwa mashine. Anasema kweli."

Tukaenda mjini kwa miguu, mimi na tonton, yeye haamini bado, njia nzima ananiombea. Kwa Maman Odette palikuwa hapapitiki. Watu wamejaa ndani na nje, kila mtu anataka kuona ujumbe kwa macho yake, na barabarani wale waliokimbia Bagira wanapita na mizigo, wengine wameshaanza kupanga kulala pale pale. Nikasukuma mpaka kwenye mashine, nikafungua jukwaa, nikampisha tonton. Ukurasa ulikuwa umejaa matusi, dua na namba za simu, lakini juu kabisa swali langu lilikuwapo, zima, jekundu na jeusi.

Tonton akavaa miwani. Akasoma yote, manene na membamba, tangu salamu. Akarudia. Nikaona mdomo wake unafika kwenye pombe ya ndizi na viti vya kuazima, unasimama.

"Viti," akasema.

"Ndiyo, tonton."

"Viti ya kuazima."

Maman Odette akainua sauti kutoka kwenye meza yake, na sauti yake, mnisamehe, ilikuwa ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa: "Béa! Ile ya kung'ara? Njo yenyewe?"

Vichwa vyote vikageuka. Na kimoja kati ya vichwa hivyo kilikuwa cha mwanamume aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na wakati ule huko kwetu ukimwona mtu wa miwani ya jua ndani ya nyumba hukumwuliza anafanya kazi gani. Wa usalama. Akaja, akasoma juu ya bega la tonton. Kisha akanitazama.

"Weye njo unafungaka njia?"

"Hapana, chef. Niliuliza tu."

"Panda ku kiti."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akakivuta kiti mwenyewe mpaka mlangoni, barabarani. "Panda. Soma yote. Na kama unaongeza neno ambayo haiko, leo utalala kwetu."

Hivyo ndivyo nilivyopanda kiti. Tonton akawa ananisomea kutoka kwenye mashine, sentensi moja moja, nami napaza sauti nje. "Bandugu wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana!" Watu wakasimama na magodoro yao. "Tuna harusi ya mdogo wangu Solange!" Nilishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Nilipofika kwenye "watu wetu wa milimani wameshaanza kushuka, wamelala kwetu na wanakula", kijana mmoja akaanza kucheka, cheko la kwanza, halafu likashika kama moto wa nyasi. Nilipofika kwenye padri mkali, mama mmoja hakucheka, alivua kandambili akanirushia, ikanipata hapa, na nikaendelea kusoma, maana ningefanya nini, sentensi ilikuwa haijaisha. Mwisho nikasema: "Tafadhali msimwambie mtu."

Yule wa miwani aliniacha nishuke. Akakirudisha kiti ndani.

"Harusi ni kesho?"

"Ndiyo, chef."

"Sasa miye siko mualikwa?"

Nikamwalika.

Lakini haikuishia pale, kwa sababu waliosikia walikuwa wachache, na waliokimbia walikuwa tayari wametapakaa. Padri (yule mkali) akatoa gari la parokia na ile spika ya mkononi ya maandamano, nikapandishwa nyuma, na mchana wote wa Ijumaa nikazungushwa Kadutu, Cimpunda, mpaka njia ya Bagira, nasoma swali langu kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka nikalijua kwa moyo, mpaka watoto wakaanza kunimalizia sentensi. Padri aliniuliza mara moja tu, akiendesha: "Na kwa nini hukuweka gras kwa neno harusi?" Nikamwambia nilifikiri kila mtu ataliona.

Tulipoingia Bagira jua linaelekea kushuka, mitaa mitupu, mbwa tu. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na lori. Uani, Papa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wake, na mbele yake wakwe wote wa Uvira wamepangwa kwenye viti vya kuazima, wamevaa suti, kimya, na ng'ombe wa mahari amefungwa kwenye mti wa mparachichi anakula maharage ya Mama. Papa alikuwa amewapa maji na kuwaambia wanawake wametoka kidogo. Kidogo! Tangu saa sita.

Baba yake Jérémie, mzee mrefu, mpole, akasimama kunisalimu. Alikuwa amesikia spika inakuja tangu mbali, na sina shaka alisikia yote.

"Mutoto yangu," akasema, "Sange tulipita leo asubuhi. Njia iko wazi. Tulinunua hata nyanya pale."

"Aksanti, papa."

"Lakini juu ya nini hamukuuliza bashofa? Kila siku bako nashuka, bako napanda."

Stendi ya malori yale ilikuwa nyuma ya ofisi yangu. Nilikuwa nawasikia madereva wakigombana kupitia dirishani wakati napiga ripoti.

Jioni ile Mama alirudi na gari la parokia, Solange nyuma yake. Mahari ilitolewa wanawake bado wana vumbi la barabarani. Solange hakunisemesha mpaka Jumamosi, nilipokuwa namfunga zipu ya gauni. "Ukiweka tena neno yangu mu mashine," akasema, "nitakuchoma na pasi." Halafu akaniegemea kidogo, na nikajua tumepona. Kengele ya kwanza ilipolia, kuna nyumba mbili watu walitoka wanakimbia kwa upande usio wa kanisa. Karamu ilijaa kuliko tulivyopanga, maana watu wengi walijihesabu kuwa wamealikwa kwa spika. Wa miwani ya jua alikuja, alicheza vizuri. Na tangu siku hiyo mimi kwa watu wa Bagira ni Mademoiselle Gras, hata wasiojua kisa, na wengine wanafikiri ni kwa ajili ya mwili wangu.

Wote walicheka mwishowe, ila mmoja. Maman Nsimire, mjane wa nyumba ya pili, aliyekuwa mshonaji, alikimbia asubuhi ile na watoto, akaacha moja ya cherehani zake mbili kwa sababu hakuwa na mtu wa kuibeba. Aliporudi hakuikuta. Maana aliyebaki Bagira hakuwa Papa peke yake, wezi nao walibaki. Jumapili nikaenda kwake kuomba msamaha, nimejitayarisha, nikaanza kueleza jinsi nilivyochagua sentensi vibaya, jinsi ningenenepesha ile nyingine. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Alikuwa anapindia suruali ya mtu kwa mkono.

"Béa," akasema, "miye sijue kusoma. Hiyo gras yako sikuiona. Nilikuona weye, mutu wa biro, wa kazi ya ofisi, uko nakimbia na sufuria ku mugongo. Njo nikakimbia."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikaa pale, akanipa mguu mwingine wa suruali nishikilie. Cherehani ya pili tulimtafutia, ya mitumba, ilituchukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Siku hizi mtu akiniletea swali lake nimpigie kwenye mashine kabla hajalituma, nampigia sentensi moja, ile yenye alama ya kuuliza, nyembamba, nyeusi, basi. Anasema haitaonekana. Namwambia itaonekana. Na habari mbaya ikija mtaani, maana kwetu hazikomi kuja, wanangu wanajua desturi ya nyumba hii: kwanza Mama, yaani mimi, anatafuta kiti, anakaa. Woga ninao kama kila mtu, ila sasa naogopa nikiwa nimekaa.